Kijivu Hakuuma Mtu

Jumanne ile farasi Kijivu alikataa kuachia lijamu, kile chuma cha hatamu kinachokaa kinywani.

Mtunza farasi alikuwa ameshafungua mkanda wa koo na ule wa puani. Alisimama upande wa kushoto, bega lake likigusa shavu la farasi, mkono wa kulia umepita juu ya utosi na kushika mkanda wa hatamu ulio nyuma ya masikio. Kazi iliyobaki haikuwa yake. Aliteremsha mkanda ule kidogo kidogo mpaka chuma kikalegea kinywani, kisha akangoja. Farasi akiachwa hufungua mdomo mwenyewe na kukitema chuma, na mkono wa mtu hukipokea kisigonge meno. Anayevuta hugonga meno, na farasi aliyegongwa meno mara moja huinua kichwa kila aonapo mkono unakuja. Kwa kungoja huko, miaka ishirini na miwili, wenzake walimpa jina la Taratibu. Lilianza kama dhihaka. Siku hizi hata meneja wa mabanda yale ya kukodisha farasi alilitumia kwenye orodha ya zamu.

Mwanamke aliyekuwa amempanda, mke wa mkandarasi, alivua kofia ngumu akajipepea nayo.

"Mbona leo anakimung'unya kama peremende?"

"Anafikiri, mama."

"Anafikiri nini?"

"Bado hajaniambia."

Mwanamke alicheka, akampigapiga farasi shingoni, akaenda kwenye gari lake.

Mtunza farasi aliendelea kungoja. Mate yalikuwa yakichuruzika kwenye pembe za mdomo, na hayakuwa yale mapovu meupe ya farasi aliyetoka kukimbia. Yalikuwa mazito, yananing'inia kama kamba, na ndani yake mlikuwa na nyasi zisizotafunwa. Zikapita dakika kumi. Hatimaye alitia kidole gumba kwenye pembe ya mdomo, pale ambapo farasi hana jino bali ufizi mtupu, akaubonyeza ulimi. Kidole hicho kilikuwa na ufa. Kamba ya ndoo ilikipasua Jumapili. Kwa kawaida ulimi wa farasi hukisukuma kidole. Ulimi wa Kijivu ulilala tu, mzito, kama kipande cha ngozi kilicholowa. Taya lilishuka lenyewe baadaye, na chuma kikaanguka kwa uzito wake kwenye kiganja chake.

Kisha alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alikunja mkono wa shati, akauingiza mkono mpaka juu ya kifundo, akapapasa magego moja baada ya jingine, akitafuta jino bovu au kipande cha gunzi kilichokwama. Hakupata kitu. Kijivu alimwachia. Hakufunga taya, hakurudi nyuma. Alikuwa akiutazama ukuta.

Ofisini, meneja alimsikiliza huku akiandika.

"Kesho apumzike, bosi. Hamezi vizuri."

"Hamezi, au hataki kumeza?"

"Ndani ya koo lake mimi sijui."

"Basi usiniletee usichokijua. Amemuuma mtu?"

"Hapana."

"Amemwangusha mtu?"

"Hapana."

"Kesho saa tatu ana mgeni wa kumpanda. Mpige brashi vizuri, juzi mkia ulikuwa na makapi."

---

Jumatano Kijivu alipandwa na mgeni, na miguu ya nyuma ikamkwama mara mbili kwenye njia iliyo tambarare. Alhamisi alijigonga kichwa kwenye mlango wa banda. Ijumaa asubuhi alikuwa amelala, na daktari wa mifugo akaja.

Daktari alitazama kwa mbali, kutoka mlangoni, kwa muda ambao mtunza farasi aliuona kuwa mrefu. Kisha akarudi kwenye gari lake na kuvaa glavu za mpira, na juu ya hizo akavaa nyingine zilizofika kwenye kiwiko.

"Nani amekuwa akimtia mkono mdomoni?" aliuliza.

"Mimi."

"Mara ya mwisho lini?"

"Jana. Nilijaribu kumnywesha kwa kitambaa. Lakini Jumanne ndipo niliingiza mkono wote, nikatafuta jino."

Daktari aliinama, akamwangalia mikono, akasimama. "Kanawe kwa sabuni. Sasa hivi, maji yakiwa yanatiririka, mpaka nikuambie basi. Kisha uende zahanati. Leo."

Meneja alikuwa amesimama nyuma yao, mikono mfukoni. Alimshika daktari begani, wakasogea mpaka kwenye stoo ya chakula cha farasi. Mtunza farasi, akiwa bombani, alisikia vipande tu. Kichaa cha mbwa. Kipimo. Kichwa kikatwe, kipelekwe maabara. Kisha sauti ya meneja, ya chini, isiyo na hasira yoyote: "Hakuna kichwa kitakachotoka hapa. Ukipeleka kichwa, nafunga banda miezi sita. Andika msokoto wa tumbo."

Kijivu alikufa kabla ya adhuhuri. Walimzika Jumamosi nyuma ya uwanja wa mazoezi, wakamwaga mifuko sita ya chokaa.

"Yule daktari anapenda kutisha watu," meneja alimwambia mtunza farasi shimo lilipofukiwa. "Nitakupa barua Jumatatu uende zahanati kwa utaratibu. Usiende kuropoka."

Jumatatu hakukuwa na barua, wala Jumanne. Mtunza farasi hakuikumbushia. Hakuwa anaumwa popote. Mabandani walibaki farasi kumi na mmoja na wafanyakazi tisa, na kwenda zahanati kwa sababu ile kulikuwa sawa na kutangaza kwamba mahali pale pana kichaa. Ufa wa kidole ulikuwa unafunga.

---

Waliishi kwenye chumba cha mwisho katika nyumba za wafanyakazi, yeye, mkewe na mabinti wawili pacha waliokuwa darasa la tano. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mashine ilikaa mlangoni kwa sababu ya mwanga, hivyo anayeingia ilimbidi apite kwa ubavu.

Alhamisi jioni mtunza farasi alimsimulia habari ya glavu, kama kichekesho.

"Mbili mbili, Mama Pacha! Kama anayekwenda kuchota asali."

Mkewe alicheka, kisha mguu wake ukaacha kukanyaga pedali. "Kwa nini alivaa?"

"Alidhani ni kichaa cha mbwa."

"Farasi?"

"Anaweza kuumwa na mbwa kama wewe na mimi. Lakini hakuthibitisha. Imeandikwa msokoto wa tumbo."

"Wewe uliona msokoto?"

Mtunza farasi alikuwa mtu asiyeongeza wala kupunguza. Alifikiri. "Hapana. Farasi mwenye msokoto hujipiga tumbo, hugaagaa. Kijivu alishindwa kumeza."

"Na mkono wako ulikuwa wapi?"

Mkewe alivuta kitambaa kutoka chini ya sindano bila kukata uzi.

---

Siku iliyofuata mkewe alikwenda kwa daktari wa mifugo, kwenye duka lake la dawa za wanyama. Alingoja mteja wa dawa ya kupe aondoke.

"Mimi ni mke wa yule wa farasi. Nataka kujua jambo moja. Dalili zikianza kwa mtu, anatibiwa na nini?"

"Zikianza, mama, hakuna dawa."

"Waliopona ni wangapi?"

"Karibu hakuna."

"Karibu ni wangapi?"

"Usiwaweke kwenye hesabu zako. Sindano zinafanya kazi kabla ya dalili tu. Dalili zinaweza kuja baada ya wiki tatu, au miezi mitatu. Kuna waliopitisha mwaka."

"Kwa nini hukumwambia hivyo?"

"Nilimwambia aende siku ile ile."

"Ulimwambia mbele ya bosi wake."

Daktari alipanga upya chupa ambazo zilikuwa zimepangika. "Ndiyo," alisema.

"Niandikie basi kwamba alikuwa na kichaa."

"Kipimo sina. Nikiandika bila kipimo, wataninyang'anya leseni. Nenda kwa meneja akupe barua. Kama amegusana na mnyama mgonjwa, barua inatosha kuanzia."

Meneja alimkuta mlangoni mwa ofisi akamwambia angoje stoo, kwa kuwa wageni walikuwa wanaingia na kutoka na yeye alikuwa amevaa kanga ya kazini yenye nyuzi. Stoo hakukuwa na kiti. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, akakaa saa moja na nusu. Mfanyakazi mmoja alipita akiwa na beleshi, akamtania: "Shemeji, umeajiriwa? Karibu, mavi yapo ya kutosha." Alicheka naye, kwa kuwa alimfahamu na kwa kuwa kukaa kimya kungeonekana vibaya zaidi.

Barua ililetwa ikiwa imekunjwa. Aliisoma akiwa amesimama. Ilisema kwamba mume wake ni mfanyakazi wa muda mrefu, mwenye tabia njema, aliyemhudumia farasi aliyefariki kwa msokoto wa tumbo.

"Hii haitusaidii, bosi," alisema alipomfuata uani.

"Uliomba barua," meneja alisema. "Hiyo ni barua."

---

Jumamosi walikwenda zahanati. Ilikuwa siku ya kumi na moja.

Muuguzi wa chumba cha sindano alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, aliyeonekana kuwa amejibu swali moja mara nyingi mno asubuhi ile. Aliisoma barua akaiweka kando.

"Msokoto wa tumbo hauambukizi."

"Haukuwa msokoto," mke alisema.

"Aliyesema hivyo ni nani?"

"Huyu. Amewatunza miaka ishirini na miwili."

Muuguzi alivuta daftari. "Haya. Alikuuma wapi?"

"Hakuniuma," mtunza farasi alisema.

"Alikukwaruza kwa meno?"

"Hapana. Nilitia mkono mwenyewe. Ulikuwa na ufa, hapa."

"Baba, sikiliza. Dawa niliyo nayo ni chache, na waraka nilioletewa unasema walioumwa. Mate peke yake ni mpaka mnyama awe amepimwa. Kichwa kipo?"

"Kimezikwa."

"Kwa hiyo nirudie. Alikuuma?"

Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza. Mtunza farasi alisogeza mguu.

"Kijivu hakuuma mtu," alisema.

Muuguzi aliweka kalamu katikati ya daftari. Aliwatazama wote wawili. "Ninakwenda kuchukua faili chumba cha pili," alisema. "Nikirudi nitauliza mara ya mwisho, halafu nitamwita anayefuata."

Mlango ulipofungwa mkewe hakupandisha sauti. "Unamlinda nani?"

"Simlindi mtu. Hakuniuma."

"Najua hakukuuma."

"Mama Pacha, farasi anayeuma amefundishwa kuuma. Mikono ndiyo inayomfundisha. Miaka tisa nimemtia kidole huyu, asubuhi na jioni, na siku ile mdomo umeshamshinda, koo limeshamshinda, akafungua taya akaniachia. Niende kuandika kwamba aliniuma?"

"Kijivu amekufa. Hana ugali wa kupotea. Wewe unao, na wanao, na mimi."

"Nikishasema, itakuwa imeandikwa."

"Ndiyo. Na wewe utakuwa umechomwa sindano."

Mtunza farasi alikuwa ameiweka mikono yake juu ya magoti na kuitazama kama kitu alichoazimwa. Muuguzi alirudi bila faili lolote.

"Alikuuma?"

"Aliniuma."

"Wapi?"

Aliinua kidole gumba.

"Lini?"

"Jumanne. Siyo hii, ile ya kabla yake."

Muuguzi aliandika. Alikisafisha kidole kile kwa sabuni kwa robo saa, ingawa ufa ulikuwa umefunga, akachoma dawa kuuzunguka, kisha nyingine begani. Mtunza farasi hakukunja uso. Walipewa kadi yenye tarehe: Jumanne, Jumamosi, na ya mwisho wiki moja baada ya hapo.

"Tumechelewa?" mke aliuliza.

"Ningempata siku ile ile ningekuwa na maneno mazuri zaidi," muuguzi alisema. "Msikose hata moja. Na kila anayeumwa na mnyama naripoti juu, hilo nawaambia mapema."

---

Jumanne alichomwa ya pili. Ijumaa saa nane mchana gari la ofisi ya mifugo lilisimama mbele ya nyumba za wafanyakazi, akashuka afisa mwenye jalada, na nyuma yake meneja. Majirani walitoka kuanika nguo zilizokwisha kukauka.

Meneja alikalia stuli ya cherehani. Afisa alikaa kitandani. Mtunza farasi na mkewe walisimama.

"Nina karatasi mbili," afisa alisema. Alikuwa kijana, mwenye adabu, na alizungumza polepole. "Ya zahanati inasema farasi alikuuma Jumanne. Ya kazini kwako inasema hakuna tukio lililoripotiwa, na Jumatano farasi huyo alipandwa na mgeni. Mgeni huyo tumemtafuta. Ni mzima, naye ameanza sindano. Nataka kujua ipi ya kweli."

"Nilimwambia meneja kwamba hamezi," mtunza farasi alisema. "Niliomba apumzike."

"Hilo silikatai," meneja alisema. "Nikakuuliza, amemuuma mtu? Ukanijibu nini, Taratibu?"

Mtunza farasi alisugua kidole gumba kwenye suruali.

"Sema tu. Mimi siongezi neno."

"Nilisema hapana."

"Afisa amesikia."

Kwa mara ya kwanza meneja alikuwa anasema kweli tupu, na haikumgharimu chochote. Mke aliona hivyo. Aliona pia kwamba mumewe hangeweza tena kusema aliumwa Alhamisi au Ijumaa, baada ya mgeni kumpanda farasi, kwa kuwa zahanati ilikwisha kuandika Jumanne.

"Bosi hakutaka kichwa kipimwe," alisema. "Daktari alisema kikatwe. Muulize daktari."

"Nimemuuliza," afisa alisema. "Ameandika msokoto wa tumbo. Na kichwa cha wiki mbili kwenye chokaa hakipimiki tena, mama. Nilichobaki nacho ni neno la mumeo." Alimgeukia mtunza farasi. "Kama hakukuuma, nalifuta jina lako kwenye rejista na dawa ya kesho anapewa mwingine, kwa sababu siwezi kuacha uongo kwenye rejista nikiwa naujua. Kama alikuuma, ulificha, ukaruhusu mtu ampande. Hilo lina barua yake ya kukiri kosa, na ukishatia sahihi banda linafungwa miezi sita. Sikushurutishi."

Nje mtu aliangusha ndoo, na hakuna aliyeiokota. Majirani wote walikuwa wafanyakazi wa mabanda.

"Taratibu," meneja alisema, karibu kwa upole, "wenzako tisa wanakula hapa."

Mke alichukua kalamu ya wino aliyokuwa akiitumia kuweka alama kwenye vitambaa, akaifuta kwenye sketi, akaiweka mkononi mwa mumewe.

"Aliniuma," mtunza farasi alisema. "Alikuwa mkali siku ile. Nilificha."

Afisa aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, akamsomea. Mtunza farasi aliomba asomewe tena ile sehemu ya ukali. Kisha akatia sahihi, polepole, herufi moja moja, kama alivyofanya kila kitu.

Meneja alisimama, akairudisha stuli mahali pake. "Kazini usije," alisema. "Na chumba mtakiacha mwisho wa mwezi." Alitoka. Walimsikia akiwaambia waliokuwa uani kwamba banda linafungwa, na kwamba sababu wamwulize aliyeko ndani. Kisha mwanaume mmoja akatukana, mara moja, kwa sauti ya kawaida.

Afisa alifunga jalada. Alikuwa amefika mlangoni, akijibana kupita kando ya mashine, alipogeuka.

"Kesho sindano saa ngapi?"

"Saa mbili," mke alisema.

"Nendeni mapema." Alikuwa anatazama chini, kwenye mkono wa mtunza farasi. "Hicho kidole. Umekuwa ukikisugua kwenye suruali tangu nimekaa. Kinawasha?"

Mkono ulisimama.

"Kidonda kinachopona huwasha," mtunza farasi alisema.

"Ni kweli, huwasha," afisa alisema. "Lakini na ile ya kichaa huanza kwa kuwasha pale pale ilipoingilia. Imeanza lini?"

Mkewe alikuwa amekwisha kumshika kifundo cha mkono. Alikigeuzia kiganja kwenye mwanga wa mlango, akakisogeza karibu na macho, kama anavyotazama mshono.

"Baba Pacha," alisema. "Imeanza lini?"